Hitilafu Namba 4127

Wiki yangu ya kwanza, ghorofa ya tatu, Brno.
Theluji ya Februari imegeuka tope barabarani.
Zdislava anasogeza kiti, ananimiminia chai ya limau,
anasema: usisome kilichoandikwa tu. Soma nani amenyamaza.

MPYA, maana yake hakuna aliyeiangalia.
Yaweza kutimiza miaka sita na bado ikaitwa mpya,
kama shati la marehemu lililobaki na karatasi ya bei.

Tunafungua 4127.
Mleta taarifa: Květa Řehořová, mapokezi, zahanati ya macho.
Mashine ya kuchapa barua inameza herufi za jina lake
na kutema alama za kuuliza.
"Wagonjwa wananiuliza kama nina uhakika naitwa nani," ameandika.
"Nina miaka hamsini na nane. Nilikuwa na uhakika."

IMETHIBITISHWA. Na nani? Kitenzi hakisemi.
Humu, Zdislava anacheka, kila kitu hutendwa,
watendaji huwaoni.
IMEKABIDHIWA: mzigo umeshuka bega moja,
haujapanda jingine.
INASHUGHULIKIWA: Radovan alibofya hapo Ijumaa saa kumi,
akaenda milimani kuteleza, akateguka kifundo cha mguu.
Neno likaendelea kushughulika peke yake
wiki tano.

Aliporudi na magongo alijaribu kwa jina lake mwenyewe.
Radovan Malina. Halina kofia, halina mkia, halina doa.
Barua ikatoka safi kama sahani ya wageni.
Akaandika: HAIJIRUDII. Kwangu inafanya kazi.

Kwangu inafanya kazi.
Sentensi hii niliisikia kabla sijaijua kompyuta.
Naitwa Thủy. Jina langu liliingia shule ya msingi, mtaa wa pili kutoka hapa,
likiwa na kishungi chake, likatoka limenyolewa,
na mwalimu, mtu mwema, akaniambia haina tofauti.
Kwake haikuwa na tofauti.
Sikufungua taarifa. Ningeifungulia wapi?

Kisha: NAKALA. Mtu amegundua
kwamba 4127 ni pacha wa 2209.
Tunamfuata pacha. Miaka tisa nyuma
mtunza maktaba aitwaye Řezníček alilia kilio hikihiki,
akajibiwa mstari mmoja na Bohumír,
ambaye siku hizi amestaafu, anafuga nyuki:
HAITAREKEBISHWA.

Nakaa na neno hilo mpaka chai inapoa.
Haijarekebishwa. Haitarekebishwa.
Silabi moja tu.
Kwenye "ja" kuna mtu yuko njiani,
viatu vina tope, amechelewa, atafika.
Kwenye "ta" mlango umeshafungwa,
kwa adabu, bila kubamizwa, na taa imezimwa.
"Angalau hakudanganya," anasema Zdislava.
"Mimi namheshimu kuliko yule wa milimani."
Sijui kama nakubali.

Naomba nikabidhiwe. Siku nne nachimba
mpaka jedwali la herufi lenye umri wangu,
lililozikwa chini ya jedwali jingine
na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.
Alhamisi usiku naandika IMEREKEBISHWA,
vidole vinanuka maganda ya chungwa,
nataka kufunga kabisa nikalale.
Zdislava, koti begani tayari: "Usifunge.
Anayefunga ni mwenye jina."

Jumatatu Květa anajibu.
"Asanteni sana. Herufi yangu ya kwanza imerudi nyumbani.
Ile ya katikati bado."

Naligusa jina kwenye kioo kwa kidole, herufi kwa herufi,
Ř, e, h, o.
Kweli. Kubwa nimeiokoa, ndogo nimeisahau.

IMEFUNGULIWA TENA,
inasema skrini, kwa rangi nyekundu,
na Radovan anapita na gongo lake moja lililobaki,
anachungulia, anasema pole.
Pole ya nini? Kuna mtu upande wa pili
ambaye bado anaisoma barua yake mpaka mwisho.
Navuta kiti.