Kisanduku Chekundu

Kisanduku kile chekundu nilikiandika mimi,
Februari, Wisconsin, theluji imefika kifuani mwa uzio,
na Dorrit wa meza ya pili akitafuna karoti
kama mtu avunjaye vijiti vya kuwashia moto.
Maneno sita: Je, umehakiki mzio wa mgonjwa huyu?
Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Baadaye.
Mkutanoni wakanipigia makofi.
Wakanipa cheo, na kiti kinachoinama nikiinama.
Mama, aliyefunga jibini kiwandani miaka kumi na tisa,
akawapigia simu akina Moua wote hadi Fresno:
Pahoua wetu sasa ni daktari wa kompyuta.
Sikumrekebisha.

Kisha ukaja usiku wa kuwasha mfumo.
Walitupeleka Iowa, mji unaonukia shayiri ya kuokwa,
watu ishirini na wawili, fulana za zambarau,
mgongoni NIULIZE MIMI.
Saa sita kamili wakayafungia mafaili kabatini.
Wodi ya nne, muuguzi Lorna Kubicek hakuniuliza kitu.
Miwani yake ilining'inia kwa kamba ya kiatu,
kidole chake kikibofya Baadaye, Baadaye,
namna mtu anavyofukuza nzi bila kukatiza hadithi.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Cha Lorna kilivunja chawa wangu sitini na mmoja
kabla hakujapambazuka. Nilihesabu.
Sikuwa na kazi nyingine, nilikuwa fulana tu.

"Hiki kidude," akasema, "nani aliyetuletea?"
Nikasema: timu.

Chumba cha tisa alilala mzee Halvorsen.
Lorna akaipa skrini mgongo, akamshika kifundo cha mkono:
"Kuna dawa iliyowahi kukukosea adabu?"
Mzee akacheka hadi mashine ikalalamika.
"Salfa. Mwaka ule mafuriko yalipobeba banda la nguruwe.
Nilivimba kama boga. Mke wangu akanipiga picha."

Swali langu, basi, lilikuwa limeshaulizwa,
kwa lugha nzuri kuliko yangu,
na jibu likakosa pa kukaa:
mibofyo minne, ukurasa wa tatu, na kisanduku changu
kimesimama mlangoni kama mlinzi aliyepoteza ufunguo.
Lorna akaandika SALFA kiganjani kwa kalamu ya buluu,
akaenda chumba cha kumi.

Niliporudi niliomba kukiua.
Tobias, meneja, akafungua chati:
"Lakini kimebofywa mara milioni moja na ushei!"
Kimebofywa, nikasema. Hakijasomwa.
Bomba la joto likakohoa ukutani.
Ilichukua miezi mitano, kamati mbili, na mwanasheria
aliyetaka kujua siku ya siku atalaumiwa nani.
Lilikuwa swali la haki. Bado sina jibu.
Mahali pake tukaweka mstari mtupu, juu kabisa, kando ya jina,
uandike alichosema mgonjwa kama alivyokisema.
Hakuna aliyepiga makofi.

Desemba ikaja fomu ya tathmini:
Umejenga nini mwaka huu? Herufi mia tano.
Nikaandika, Nimefuta maneno sita,
nikakaa nikiitazama nafasi nyeupe iliyobaki,
nje theluji ikianza upya kuupanda uzio.
Mama akapiga simu. Goti linamsumbua, kesho ana kliniki.
"Daktari," akaniita, kwa utani au la, sijui.
Nikamwambia, wakikuuliza habari za dawa, mama,
usiwajibu kwa neno moja.
Wasimulie.