Bahasha Nyembamba

Najua uzito wa jibu kabla halijafunguliwa.
Miaka kumi na mmoja nabeba barua za mtaa huu,
nje ya Lyon, nyuma ya reli, mwisho wa laini ya tramu:
maghorofa manne yaliyopewa majina ya maua
na mtu ambaye, naapa, hakuja kuyanusa.
Waridi, Yasmini, Urujuani,
na lile ambalo herufi zake zimedondoka zote,
tunaliita la Nne.

Bahasha nene maana yake njoo,
jaza fomu, leta picha mbili.
Nyembamba ni karatasi moja iliyokunjwa mara tatu:
*Tumesoma maombi yako kwa makini.*
Makini hayo nayajua. Hayafiki gramu kumi.

Makan Diarisso, la Nne, ghorofa ya tisa,
lifti mbovu tangu Pasaka,
alipata nyembamba ishirini na tano.
Nilizihesabu mimi; yeye aliachia kwenye ya kumi.
Fundi umeme. Cheti anacho, mikono anayo,
na anwani anayo,
hiyo ndiyo iliyomtangulia kila ofisi,
ikakalia kiti chake kabla hajabisha hodi.

Siku moja akanisimamisha ngazini.
"Tassadit, nikiandika anwani ya shangazi yako,
ile ya ng'ambo ya mto,
utaniletea jibu huku?"
Ni kosa. Ningefukuzwa kazi.
Nikasema ndiyo.

Ikaja nene!
Akaazima shati la kaka yake, akaenda.
Walimkaribisha kahawa, wakamsifu cheti,
kisha wakamwuliza, kwa upole tu,
asubuhi huwa anapandia tramu kituo gani.

Ya ishirini na sita hiyo. Ilikuwa nyembamba.

Jumanne ile polisi walimsimamisha mdogo wake, Bakary,
mara ya tatu kwa siku moja,
kitambulisho kilekile, jina lilelile, askari walewale,
na safari hii mkono ukavunjika.
Taarifa ilisema aliteleza.
Hapakuwa na mvua tangu Mei.

Usiku yaliwaka mapipa ya taka,
kikawaka kituo cha tramu, vioo vikalia chini kama changarawe,
likawaka gari la Bi Conceição
anayesafisha ofisi za watu kuanzia saa kumi alfajiri,
likawaka sanduku la barua, la manjano, la kwangu.
Televisheni ilifika kabla ya zimamoto.
Mtaalamu mmoja, shingo safi, akashangaa:
wanachoma cha kwao wenyewe.
Nilikuwa jikoni na kikombe mkononi.
Kipi? nikamwuliza kioo. Kipi cha kwao?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Makan kazaliwa hospitali ile unayoiona kutoka dirishani.
Siku yake ya tatu imepita miaka ishirini na miwili,
bado wanamwuliza katokea wapi,
na jembe limefungiwa stoo.

Asubuhi nikalifungua sanduku kwa nyundo.
Majivu, gundi iliyochemka,
bahasha chache zilizopona nusu nusu.
Moja ina mwandiko ninaoujua, herufi zinazoegemeana
kama watu waliosimama foleni muda mrefu.
Aliitia Jumanne mchana, kabla ya yote.
Ya ishirini na saba.
Moto umekula jina lake,
umekula na jina la kampuni.
Anwani imebaki, yote, hadi namba ya mlango.

Akashuka na ufagio.
Nywele zinanuka moshi; za nani hazikunuka siku ile?
Sikumwuliza alikuwa wapi.
Hakuniuliza nimeokota nini, ila aliutazama mkoba wangu,
akautazama tena.
"Kuna kilichopona?"
"Kidogo," nikasema.

Tukainua pipa, yeye huku, mimi huku.
Bi Conceição akapita kwa miguu,
viatu vya kazi ndani ya mfuko wa nailoni,
akielekea kituo ambacho hakipo.
Makan akaacha kufagia.
Mama wa watu hakutusalimu.