Tatu Nukta Nne

Kitendawili.
Tega.
Wapo wawili mezani, wamekaa uso kwa uso,
wameshiba betri, hawasalimiani.

Niliwanunua kumi, bahasha ya manjano,
wiki tano njiani kutoka Shenzhen hadi Kuhmo,
kumi kwa bei ya kahawa mbili na andazi la mdalasini.
Rahisi ghali, nilijua. Lakini baridi ilikuwa inakuja
na viazi vya mama viko chini ya kilima,
kwenye ghala la mawe alilolichimba baba
mwaka ule nilipoanza kutembea.
Baridi ikizidi, viazi hugeuka sukari;
vikiganda, hugeuka maji meusi.

Wa kwanza nilimuua mwenyewe: volti tano
mahali pa tatu nukta tatu. Hakupiga hata kelele.
Harufu tu, kama ukucha ulioungua.
Wa pili alikuwa na maandishi yaliyofifia mgongoni,
chipu ya kughushi, amevaa jina la watu.
Wa tatu na wa nne walikuwa wazima,
na hao ndio walionikesha.

Nilibadili waya. Nilibadili betri.
Nilihama chaneli, nikaikimbia intaneti ya jirani Kauppinen
anayetazama mpira wa magongo mpaka usiku wa manane.
Nikamlehemia kila mmoja kapasita,
mikrofaradi kumi, kipipa chake cha akiba,
maana redio hizi hunywa kwa pupa:
zikinyamaza hazitaki kitu,
zikisema neno moja hufyonza umeme kwa funda moja
na waya mwembamba hauwahi kuzijazia.

Bado.
Sifuri, sifuri, sifuri, skrini nzima.
Kimya kingi kina mshindo mkuu;
hiki hakikuwa nao.

Hilja ndilo jina la mama, nalo lina ukimya ndani yake.
Siku nne alinipita na kapu la kuni bila kuuliza.
Ya tano akataka pa kuweka sahani za supu ya samaki,
akamwinua mmoja, betri na waya zikining'inia,
akampeleka dirishani jikoni, kando ya chungu cha maua.
Skrini ikaandika:
ishirini na moja nukta sita.

Nilicheka mpaka nikakohoa.
Walikuwa wakipigiana kelele masikioni,
nguvu zote, kwa umbali wa shubiri moja.
Nani angesikia?
Mama akasema, "Supu inapoa."

Ghala lilikuwa shauri jingine. Mawe, udongo mbichi,
theluji ya kiuno. Nikaipunguza kasi yao
mpaka ya mwisho chini, waseme polepole,
silabi kwa silabi, kama unavyomsemesha mtu aliye ng'ambo ya ukuta.
Antena nikaipandisha juu ya mlango wa ghala,
ndani ya kopo la jamu ya beri lililofungwa kwa gundi.
Nikituma kumi, saba zinafika.
Nimeridhika na saba.

Leo nje ni thelathini na moja chini ya sifuri.
Ghalani, skrini inasema, tatu nukta nne.
Saa tatu usiku mama anavaa viatu vyake vya manyoya,
anachukua tochi.
Namwonyesha namba. Anaitazama kwa adabu.
"Haijavishika," anasema, na kutoka.

Tatu nukta nne.
Tatu nukta tano.
Nukta saba. Ni yeye huyo, pumzi yake,
mgongo wake uliopinda juu ya sanduku,
viganja vimevuliwa glavu.
Nukta tisa.
Kisha pakiti haifiki.
Kisha nyingine.

Nimeshika kikombe, sinywi.
Tatu kwa kumi, nilisema nimeridhika.

Nukta nane.
Nukta sita.
Na kwenye ngazi, viatu
vinakung'utwa theluji.