Kuchora Mto

Waliambiwa darasani: choreni mto.
Wenzake wakachora utepe wa buluu,
samaki watatu, daraja, jua linalocheka.
Nakiru wangu akachora shimo.
Akalizungushia mchanga kwa kalamu ya kahawia
hata kalamu ikaisha,
na ndani ya shimo akaweka mgongo wa mtu
na nyayo mbili zikitazama juu.
Mgongo ni wangu. Niliutambua kwa shuka.

Mwalimu Isabirye, mtoto wa Jinja,
aliyekua akisikia Nile ikimwagika usiku kucha
bila mtu kuidai,
akaweka sifuri nyekundu,
akaandika pembeni: Mto uko wapi?

Sikukasirika.
Naongopa. Nilikasirika
kutoka mekoni hadi zizini, nikarudi
kwa kuwa zizi ni tupu na halijibu.

Hapa Rupa tulimwita Nakiru kwa mvua
iliyonyesha siku aliyozaliwa.
Ilidumu muda wa kukata kitovu,
ikaondoka pamoja na mkunga.

Mimi mama yangu Napeyok alinilea kwa kokoto.
Kokoto moja, laini, chini ya ulimi:
"Inyonye, mate yatakuja.
Na jua likiwa utosini usiseme ovyo,
maneno nayo ni maji."
Nikaapa: wangu sitawalea kwa jiwe.
Nikaponda mawe ya marumaru kando ya barabara,
lori hadi lori,
nikanunua dumu la pili, la tatu.
Lakini ukifika mwezi wa pili
na pampu ya shule ikaanza kukohoa hewa,
mkono wangu huinama wenyewe
kuokota.

Juzi nesi alimpima Lokwang mkono
kwa ule ukanda wa rangi tatu.
Ukagoma kwenye njano.
"Mpe maziwa," akasema.
Maziwa yako kwa baba yake,
na baba yake yuko na ng'ombe,
na ng'ombe wako yaliko majani,
na majani
nani anajua.
Nikampa machicha ya pombe ya mtama, akashiba,
akalala mchana kutwa na nzi wake
kwenye kivuli cha ghala,
nami nikimsogeza kila kivuli kiliposogea,
kama mtu anayehamisha deni.

Kisha pampu ikafa kabisa.
Jumapili akaja Mwalimu, dumu mkononi,
viatu viking'aa kama vya harusi,
akasimama katikati ya mto wetu
akiutafuta.
Nakiru alikuwa ndani, hadi mabega.
"Mwalimu, vua viatu.
Usikanyage ukingo, utajifunga."
Mtu mzima akavua.
Akapiga magoti, akachota kwa pupa,
akapata tope, akachota tena, tope.
"Huchotwi huu," mwanangu akamwambia,
"hukamuliwa.
Gusa, acha. Gusa, acha.
Sasa tunyamaze."

Wakanyamaza.
Sijawahi kumwona mwalimu akinyamaza muda mrefu hivyo.
Jua lilimchapa kisogoni, hakulalamika.
Maji yakaja kama jicho la ndama,
kwanza ukubwa wa shilingi,
kisha ukubwa wa kiganja,
na uso wake ukatokea humo, umekunjamana,
ukimtazama.
Nakiru akajaza kata,
akampa kwanza Lokwang, kisha mbuzi,
kisha yeye.

Alama hakubadilisha. Sikumwomba.
Alipokuwa akiondoka aliniuliza tu
kama mto huu hujaa lini.
Nikamwambia: ukisikia mlima wa Moroto
unanguruma usiku na mbwa wamehama,
usije kuuangalia.

Picha nimeibandika ukutani kwa ugali.
Lokwang hajui namba.
Jana nilimkuta amechuchumia,
ametia kidole ndani ya ile sifuri nyekundu,
anagusa, anaacha,
anagusa, anaacha,
kisha akakilamba kidole chake
akanitazama, akasubiri.