Mikunjo

Saa nane za usiku umeme umerudi Nguba.
Friji likakohoa. Nikaacha benchi nililolalia,
nikawasha hadubini kabla umeme haujaghairi.

Mezani, damu ya mapacha wawili wa Kadutu.
Cishugi ameandika mirija kwa ule mwandiko wake wa kuku aliyeparura:
N, Nabintu. N, Nsimire.
Hata herufi ya kwanza wamegawana.

Natia rangi, na viini vinajitokeza gizani
kimoja kimoja, buluu,
kama nyumba za mlimani mtaa unapopewa zamu yake.

Uzi wa ndani ni ule ule, herufi kwa herufi;
tumbo moja, kondo moja.
Ila mimi sisomi uzi. Natazama mikunjo:
wapi umekazwa, wapi umelegea,
kama kitenge cha mama sandukuni.
Ua lililofichwa na mkunjo halijafutika,
lipo tu, halionekani.

Nilikuwa na jibu kabla ya picha.
Nabintu amebeba muhogo tangu bandarini hadi sokoni
miaka thelathini, kamba kwenye paji la uso,
hadi kamba imejichimbia njia yake pale.
Nsimire ameuza vitenge Nyawera, amekaa kwenye kiti.
Nani aliyezeeka zaidi? Mtoto wa darasa la pili angejibu.

Mashine ikahesabu picha mia nne.
Ikasema: Nsimire.
Nikasafisha lenzi. Nikarudia.
Nsimire.

Bila shaka ni Cishugi, nikasema, amechanganya mirija.
Nikamtukana kimoyomoyo, nikafungua fomu zao.
Swali la kumi na nne: una watoto wangapi?
Nabintu: sita.
Nsimire aliandika watatu, akakata,
akaandika wawili, akakata,
akaandika tena watatu
kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Sina rangi ya kulitia tundu hilo.

Kesho nitapanda Kadutu na sindano na pamba,
niseme ni kosa letu, tunaomba damu upya.
Nabintu atacheka, atakunja mkono wa blauzi.
Nsimire ataniuliza tumeona nini.

Natafuta sentensi ya kumjibu, umeme unakwenda.
Machoni mwangu viini bado vinawaka,
buluu, sijui vya nani.