Mnyaa Hauoti kwa Mstari

Ramani ya ofisini ina rangi moja: kijani.
Kutoka barabara ya Nyehunge hadi ukingo wa ziwa
mchoraji hakuinua brashi.
Pembeni, kwa herufi za mtu mwenye haraka,
ameandika: Pori. Hapana watu.

Nilitumwa kuhesabu mawe ya mpaka,
kumi na saba, yaliyomwagwa zege
kabla baba yangu hajaota meno.
Nikapewa mwenza, Lugembe, mrina asali,
anayenuka moshi hata akitoka kuoga,
na siku mbili, na posho ya siku moja.

Jiwe la kwanza tulilikuta limelika kiunoni.
Si mvua hiyo, alisema Lugembe. Ni mapanga.
Wachoma mkaa, wachungaji, wakata fito,
wote wananolea hapa. Serikali ilituletea kinoo.
Akachomoa lake, akalinoa,
akalijaribu kwa ukucha.

Baada ya jiwe la nne njia ikatukimbia.
Miombo ilikuwa imechipua majani mekundu
kama ulimi wa ndama,
mwezi wa tisa, kabla mvua haijaahidi kitu.
Simu ikaniambia nimesimama mahali pasipo jina.
Lugembe akacheka hadi akakohoa.
Hapa ni Kwa Nyanjura.
Pale penye mninga uliovunjika ni Kwa Wahunzi.
Kule bondeni ni Walikotapika.
Nani walitapika?
Sijui. Jina limebaki, matapishi yamekauka.

Kwa Wahunzi nilijikwaa.
Kitu cheusi, kina matundu kama mkate uliochachuka,
kizito kuliko ukubwa wake.
Mavi ya chuma, akasema, na akakifuta kwa shati
kama anayefuta uso wa mtoto.
Warongo walivukuta hapa usiku na mchana.
Jembe la hapa limeoa wanawake hadi Ukerewe.

Halafu minyaa.
Si mmoja. Mstari.
Imerefuka kuzidi mitundu, imevimba vifundo,
mingine imeegemea wenzake kama walevi,
lakini mguuni haijapinda.
Nikapima kwa hatua: arobaini na mbili. Kona.
Thelathini na moja. Kona.
Kisha pengo, upana wa ng'ombe wawili wasiopendana.

Lugembe alivua kofia.
Bibi yake alitolewa hapa kwa tangazo.
Mbung'o, walisomewa. Malale.
Siku tatu, mbebe mnachoweza.
Jiwe la kusagia liliachwa kwa kuwa halibebeki,
na makaburi, kwa sababu hiyohiyo.
Wakapandwa kando ya barabara kama maharage.
Mwaka uliofuata walirudi kuchimba viazi vyao
wakakuta zege, na namba,
na kijana mwenye bunduki aliyewaambia kwa upole
kwamba huu sasa ni msitu.

Malale iliondoka. Tangazo halikuondoka.

Jiwe lenyewe tulilipata chini ya majani,
shimo lake limejaa maji ya umande, nyuki wanakunywa.
Hakuwafukuza. Alisubiri, mmoja mmoja, hadi wakaisha,
kisha akaingiza kiganja.
Kiliingia.
Alikaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa
mbele ya mtu wa ofisini.

Fomu ina safu tatu: Namba. Hali. Maoni.
Safu ya maoni ina upana wa kidole gumba.
Nikaandika: Tisa. Halijaonekana.
Minyaa, mistari miwili, kona mbili.
Umeandika nini? aliuliza Lugembe,
ambaye hajui kusoma, au husema hivyo.
Nikamsomea.
Akatazama pengo, na ng'ambo yake
kipande cha ziwa, cheupe, kikubwa kama sahani.
Hujaandika mlango, alisema.

Nikageuza karatasi,
nikaandika mlango.