Ubeti wa Tatu

Kwetu Tolliver Fork jua huchelewa kazini,
mlima hulishika bega hadi saa nne,
na vumbi la makaa hulala nasi kitandani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Huko alizaliwa Verlon Stidham,
nyumba ya mwisho kabla ya daraja la reli,
aliyeimba kantri hadi Ohio wakamjua kwa jina.
Mimi sikumjua. Nilimrithi tu,
kama kitinda mimba anavyorithi viatu:
vimeshakunjika kwa nyayo za wengine.

Mama anasema alikuwa na meno mabovu,
akiimba midomo kaifumba nusu,
ndiyo maana watu wa mbali wakadhani ni huzuni.
Mjomba Denzil anamdai mpaka leo
dola kumi na moja na tairi la akiba.
Shangazi Jewell alimwona kwa macho yake
siku walipotolewa wanne mgodini Namba Sita:
kila mtu akingoja aimbe,
yeye akabeba viti, akapanga viti,
akavipanga upya.
Na babu Hobart: "Kelele za puani hizo,"
huku mkono wake ukiongeza sauti ya redio.

Bibi Oleta hakuwa na lake la kusema.
Ila jioni moja, akikunja shuka,
pembe mbili kidevuni, pembe mbili mikononi,
akatamka: "Ubeti wa tatu una jina langu."
Babu akaweka kijiko chini.
"Wimbo ule hauna ubeti wa tatu."

Miaka thelathini
walikula mkate wa mahindi na ubishi huo.
Una. Hauna. Nipitishie chumvi. Una.
Hakuna aliyeshinda,
maana santuri ilikuwa moja tu nyumbani,
chini ya mapambo ya Krismasi,
na siku walipoinuka kuitafuta
haikuwepo.

Ni mimi. Nasema sasa, babu akiwa hasikii.
Nilikuwa na miaka saba, theluji imeanguka,
nikataka kuona kama sauti ya mtu inaweza kuruka.
Iliruka. Iliruka vizuri ajabu,
nyeusi juu ya bonde jeupe,
ikagonga tangi la maji la reli.
Vipande nilivizika chini ya banda la kuku.
Akalaumiwa Denzil,
kwani Denzil alilaumiwa hata kwa mvua.

Verlon alirudi kutoka Nashville bila gari,
akauza matairi karibu na posta,
akafa Jumanne.
Gazeti lilimpa mistari minne.
Trekta iliyokuwa ikiuzwa siku hiyo ilipewa sita.

Mwaka jana, Knoxville, katika sanduku la mzee
auzaye birika na spana zilizoshika kutu,
nikakutana na uso wake, kofia kaitupa kisogoni.
Dola mbili. Sikuomba punguzo.
Usiku nikaifungia mlango, mimi na yeye.
Ubeti wa kwanza: treni.
Wa pili: mama yake, na sabuni ya majivu.
Kisha gitaa lile la mapajani likapanda, likapanda,
na Verlon akavuta pumzi,
pumzi fupi, kali,
ya mtu anayetaka kumwita mwenzake ng'ambo ya barabara.
Hapo sindano ikateleza hadi katikati,
ikabaki kukwangua karatasi.

Bibi sasa ana miaka tisini na mmoja,
dirisha lake linatazama maegesho ya magari.
"Umeipata?"
"Nimeipata."
"Umeisikiliza hadi mwisho?"
Nikatazama mikono yake, nikatazama magari.
"Imekwaruzika, Bibi. Pale pale."
Akanyamaza kitambo, akinyoosha mkunjo wa blanketi
ambao haukuwepo.
"Hata ile uliyoirusha," akasema,
"ilikuwa imekwaruzika pale pale."